Edward Carpenter

Edward Carpenter (Hove, 29 Agosti 1844 – Guildford, 28 Juni 1929) alikuwa mshairi, mwandishi, mhadhiri na mwanaharakati wa ujamaa kutoka nchini Uingereza. Anakumbukwa hasa kama mmoja wa watu wa kwanza nchini humo walioandika kwa majina yao wenyewe kutetea mapenzi kati ya watu wa jinsia moja, wakati ambapo sheria iliweza kumpeleka mwanamume jela kwa sababu ya mapenzi hayo.

Kwa miaka 30 aliishi na mwenzake George Merrill, sehemu kubwa ya muda huo katika kijiji cha Millthorpe, kaunti ya Derbyshire. Nyumba yao ilipokea wageni kutoka sehemu nyingi za dunia, wakiwemo vijana waliokuwa hawajawahi kukutana na mtu mzima anayeishi na mwanamume mwenzake bila kujificha. Katika zama hizo wanaume wa namna hiyo hawakuwa na chama, gazeti wala mahali pa wazi pa kukutania. Mazungumzo yao yalipita katika barua na katika kutembeleana. Carpenter aliingia katika mazungumzo hayo akiwa kijana aliyemwendea mzee, mshairi Mmarekani Walt Whitman. Baadaye akawa yeye ndiye mzee anayeendewa.

Maisha ya awali na elimu

Carpenter alizaliwa Hove, karibu na mji wa Brighton, kwenye pwani ya kusini mwa Uingereza. Baba yake, Charles Carpenter, aliwahi kuwa ofisa wa jeshi la majini kabla ya kuwa mwanasheria, na familia iliishi kwa faida ya mali na hisa. Edward alikulia katika nyumba yenye dada wengi. Mapema aliona jinsi mabinti wa tabaka lake walivyofundishwa kupiga kinanda, kudarizi na kungoja wachumba, bila kupewa kazi yoyote ya maana. Kumbukumbu hiyo ilimfanya baadaye awe mtetezi wa haki za wanawake.

Alisoma Brighton College, kisha mwaka 1864 akaingia Trinity Hall, mojawapo ya vyuo vya Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1868 alihitimu hisabati akiwa wa kumi katika orodha ya waliofaulu kwa daraja la juu. Chuo kilimpa nafasi ya kudumu ya kufundisha, lakini nafasi hiyo ilitakiwa kushikwa na mtu mwenye daraja takatifu. Hivyo alipewa ushemasi mwaka 1869 na ukasisi wa Kanisa la Uingereza mwaka 1870. Kwa muda alimsaidia mwanateolojia Frederick Denison Maurice, aliyejulikana kwa kuunganisha Ukristo na ujamaa, katika parokia moja ya Cambridge.

Kuacha ukasisi

Katika miaka hiyo Carpenter alisoma mashairi ya Walt Whitman katika chapa iliyotolewa Uingereza mwaka 1868. Whitman aliandika juu ya upendo wa wanaume kwa wanaume kama jambo la afya, la kawaida na lenye manufaa kwa jamii ya kidemokrasia. Kwa Carpenter, aliyekuwa ameficha hisia zake tangu ujana, mashairi hayo yalikuwa ushahidi kwamba hakuwa peke yake.

Ibada alizoongoza zilizidi kuonekana kwake kama maneno asiyoyaamini, na afya yake ikadhoofika. Mwaka 1874 aliacha ukasisi na nafasi yake chuoni, akapoteza kipato cha uhakika na heshima iliyoambatana nacho. Mwaka huohuo alimwandikia Whitman barua ndefu ya shukrani, akimweleza jinsi mashairi yake yalivyowasaidia wanaume vijana wa Uingereza kutoona aibu kwa lililo bora ndani yao.

Baada ya hapo alijiunga na mpango wa Cambridge wa kupeleka elimu ya juu kwa watu wasioweza kwenda chuo kikuu. Alizunguka miji ya viwanda ya kaskazini, kama vile Leeds, Nottingham na Sheffield, akitoa mihadhara kuhusu sayansi, astronomia na muziki. Alitarajia kukutana na wafanyakazi wa viwandani, lakini wengi waliohudhuria walikuwa watu wa tabaka la kati, hasa wanawake vijana walionyimwa elimu.

Kumtembelea Whitman

Mwaka 1877 Carpenter alisafiri kwenda Marekani kumwona Whitman. Mshairi huyo alikuwa akikaribia umri wa miaka 58, naye alikuwa amepata kiharusi mwaka 1873 na kuhamia Camden, jimbo la New Jersey, nyumbani kwa kaka yake. Carpenter alikuwa na miaka 32. Walikaa pamoja siku kadhaa, wakizungumza na kutembea. Alirudi tena mwaka 1884, Whitman alipokuwa amenunua nyumba ndogo yake mwenyewe katika mji huohuo.

Carpenter hakuwa mgeni pekee wa namna hiyo. Katika uzee wake Whitman alipokea barua nyingi kutoka kwa wasomaji wa Uingereza, na baadhi yao, Carpenter akiwemo, walimchangia fedha alipokuwa mgonjwa na mwenye kipato kidogo. Katika mji wa Bolton kilikuwepo kikundi cha makarani na watu wa kawaida waliokutana nyumbani kwa J. W. Wallace kusoma mashairi yake. Wallace na rafiki yake, daktari John Johnston, nao walivuka bahari kumwona. Carpenter alikuwa rafiki wa kikundi hicho.

Hata hivyo kumwendea mzee hakukumaanisha kupata majibu ya kila swali. Mwandishi John Addington Symonds alimwuliza Whitman kwa miaka mingi kupitia barua kama mashairi yake yalihusu mapenzi ya kimwili kati ya wanaume. Alipoulizwa waziwazi mwaka 1890, Whitman alikana kwa ukali, akadai pia kwamba alikuwa baba wa watoto 6, jambo ambalo halijapata kuthibitishwa. Carpenter aliielewa hofu iliyokuwa nyuma ya jibu hilo. Baada ya kifo cha Whitman mwaka 1892 aliendelea kuandika juu yake, na mwaka 1906 alitoa kitabu Days with Walt Whitman kuhusu siku alizokaa naye.

Sheffield na Millthorpe

Mwishoni mwa miaka ya 1870 Carpenter alifanya makao katika eneo la Sheffield, mji uliojulikana kwa chuma, visu na moshi. Huko alifahamiana na Albert Fearnehough, mfua miundu, akaenda kuishi na familia yake na kujifunza kazi za mikono. Baba yake alipofariki mwaka 1882 alimwachia urithi wa takriban pauni 6,000, fedha nyingi kwa wakati huo. Mwaka 1883 alinunua mashamba madogo 3 huko Millthorpe, kusini mwa Sheffield, akajenga nyumba ya mawe. Alilima mboga, matunda na maua, akapeleka mazao sokoni.

Rafiki yake Harold Cox alipokuwa India alimpelekea jozi ya makubazi kutoka Kashmir. Carpenter alijifunza kuyatengeneza mwenyewe na kuwauzia marafiki. Kwake yeye viatu vya ngozi vya Ulaya vilikuwa kifungo cha miguu, na kuvivua kulikuwa sehemu ya kujivua desturi za tabaka lake. Pia hakula nyama, na alipinga majaribio ya kisayansi yanayotesa wanyama.

Mwaka 1883 alitoa sehemu ya kwanza ya utenzi wake mrefu Towards Democracy, ulioandikwa kwa mtindo huru usio na vina, kwa kufuata njia ya Whitman. Haukuuzwa sana mwanzoni. Aliuongezea sehemu nyingine mwaka 1885, 1892 na 1902, na kadiri miaka ilivyopita ukawa kitabu kilichobebwa mfukoni na wajamaa wengi wa Uingereza.

Mwaka 1886 alishiriki kuanzisha chama cha wajamaa cha Sheffield. Miongoni mwa wanachama alikuwemo George Hukin, mnoaji wa nyembe, ambaye Carpenter alimpenda sana. Hukin alioa mwaka 1887, na Carpenter alipitia kipindi cha majonzi makali. Lakini urafiki wao haukukatika. Waliendelea kuandikiana na kutembeleana, pamoja na mke wa Hukin, hadi Hukin alipofariki mwaka 1917.

Safari ya Ceylon na India

Akiwa Cambridge Carpenter alikuwa amefanya urafiki na Ponnambalam Arunachalam, Mtamil kutoka Ceylon (leo Sri Lanka), ambaye baadaye alikuwa kiongozi mashuhuri katika nchi yake. Kwa mwaliko wake Carpenter alisafiri Ceylon na India mwaka 1890 na 1891, akajifunza falsafa ya Kihindu kwa mwalimu wa kiroho aliyeitwa Ramaswami. Safari hiyo aliieleza katika kitabu From Adam's Peak to Elephanta cha mwaka 1892, ambamo pia alikosoa majivuno ya watawala wa Kiingereza kwa watu waliowatawala.

Sheria na maandishi juu ya mapenzi ya jinsia moja

Uingereza iliondoa adhabu ya kifo kwa tendo la ulawiti mwaka 1861, ikaweka kifungo badala yake. Mwaka 1885 Bunge liliongeza kifungu kilichopendekezwa na mbunge Henry Labouchere. Kwa kifungu hicho tendo lolote la aibu kati ya wanaume, hata faraghani na kwa hiari ya wote wawili, liliadhibiwa kwa kifungo cha hadi miaka 2, pamoja na kazi ngumu au bila kazi ngumu. Sheria haikueleza kwa usahihi ni tendo gani, hivyo iliwapa nafasi watu wa kutisha wengine kwa kudai fedha. Barua ya mapenzi iliyoangukia mikono mibaya ingeweza kuwa ushahidi mahakamani.

Katika hali hiyo, mwanzoni mwa mwaka 1895, Carpenter alitoa kijitabu Homogenic Love kupitia mtambo wa uchapaji wa wajamaa wa Manchester. Kilisambazwa kwa watu aliowachagua, wala hakikuwekwa madukani. Ndani yake alidai kwamba mapenzi ya jinsia moja yamekuwepo katika mataifa na nyakati zote, kwamba si ugonjwa wala uhalifu, na kwamba yanaweza kuwa na faida kwa jamii kwa sababu yanawaunganisha watu wa matabaka mbalimbali.

Miezi michache baadaye, tarehe 25 Mei 1895, mwandishi Oscar Wilde alihukumiwa kifungo cha miaka 2 pamoja na kazi ngumu kwa kifungu kilekile cha 1885. Hofu ilienea. Mchapishaji wa London aliyekuwa amekubali kutoa kitabu cha Carpenter kuhusu mapenzi na ndoa alivunja mapatano, akaacha pia kuuza Towards Democracy. Kitabu hicho, Love's Coming of Age, kilitolewa mwaka 1896 na mtambo uleule wa Manchester, lakini bila sura juu ya mapenzi ya jinsia moja. Sura hiyo iliongezwa katika matoleo ya baadaye.

Katika miaka hiyo Carpenter alisaidia pia utafiti wa daktari Havelock Ellis, aliyeanza kuandika kitabu Sexual Inversion pamoja na Symonds. Alitoa maelezo ya maisha yake mwenyewe, nayo yakachapishwa bila jina lake. Mwaka 1898 muuza vitabu mmoja wa London alishtakiwa kwa kuuza kitabu hicho.

Mwaka 1902 Carpenter alitoa Ioläus, mkusanyo wa maandishi juu ya urafiki wa wanaume tangu Ugiriki ya kale hadi wakati wake. Mada yake ilitajwa kuwa urafiki tu, kwa hiyo kiliweza kuuzwa wazi, na wasomaji waliojua walichokuwa wakitafuta walikipata. Mwaka 1908 alichapisha The Intermediate Sex, kitabu chake kilichofika mbali zaidi katika suala hili. Akifuata mawazo ya Mjerumani Karl Heinrich Ulrichs, alieleza kwamba wako watu walio kati ya mwanamume na mwanamke kwa tabia na hisia, na kwamba kwa sababu hiyo wanaweza kuwa wapatanishi na wafasiri kati ya jinsia hizo mbili.

George Merrill

Mwaka 1891, muda mfupi baada ya kurudi kutoka India, Carpenter alikutana na George Merrill ndani ya treni. Merrill alikuwa mdogo wake kwa zaidi ya miaka 20. Alikuwa amekulia katika mitaa ya maskini ya Sheffield, hakuwa na elimu ya shule ya kutosha, na aliishi kwa vibarua vya aina nyingi. Walionana na kuandikiana kwa miaka kadhaa. Februari 1898, familia iliyokuwa ikiishi na Carpenter ilipohama, Merrill alihamia Millthorpe.

Marafiki wengi wa Carpenter walipinga jambo hilo. Mwanamume wa tabaka la juu aliweza kuishi na mtumishi wa kiume bila maneno, lakini Carpenter hakumtambulisha Merrill kama mtumishi. Nyumba isiyo na mwanamke ilitosha kuzua minong'ono kijijini, na ilikuwa imepita miaka 3 tu tangu hukumu ya Wilde. Hata hivyo Merrill alibaki. Alipika, alifagia, alifua, alipanga maua na kuimba nyimbo za vilabuni, na wageni wengi walimkumbuka kwa ucheshi wake kuliko walivyokumbuka mazungumzo ya kifalsafa.

Mwaka 1908 na 1909 mtu mmoja wa eneo hilo, aliyekuwa adui wa ujamaa, alichapisha na kusambaza karatasi za kuwashutumu Carpenter na Merrill kwa uchafu wa maadili. Zilifika kwa majirani na kwa viongozi wa dini. Hakuna kesi iliyofunguliwa. Carpenter alikuwa ameishi na wanakijiji kwa miaka 25, akilima na kuuza nao sokoni, na wengi wao hawakumgeuka.

Wageni na barua

Kuanzia miaka ya 1890 Millthorpe ikawa kama mahali pa hija. Walifika wajamaa, walimu, watetezi wa haki za wanawake, wasiokula nyama na watafutaji wa dini mpya. Miongoni mwa marafiki zake alikuwemo Olive Schreiner, mwandishi wa Afrika Kusini. Mchoraji Roger Fry, aliyemfahamu kupitia Cambridge, alichora picha yake mwaka 1894, ambayo sasa iko katika National Portrait Gallery mjini London. Mbunifu wa majengo C. R. Ashbee alimfahamu tangu ujana, na mawazo ya Carpenter juu ya heshima ya kazi za mikono yalimsaidia kuanzisha chama chake cha mafundi mwaka 1888.

Baada ya The Intermediate Sex kutoka, walizidi kumwendea wanaume na wanawake waliotaka kuzungumza juu ya jambo ambalo hawakuweza kumweleza mzazi, daktari wala kasisi. Wasioweza kufika waliandika. Mwaka 1911 mshairi Siegfried Sassoon, akiwa na miaka 24 na bado hajulikani, alimwandikia kumshukuru kwa kitabu hicho, kwa kuwa kilimwezesha kujielewa. Robert Graves naye alimwandikia mwaka 1914, akiwa angali mwanafunzi. Kwa namna hiyo Carpenter alizipokea barua za aina ileile aliyokuwa amempelekea Whitman mwaka 1874.

Tofauti ilikuwa katika majibu. Whitman alikuwa amewaacha wageni wake wakisie wenyewe. Carpenter aliwaonyesha nyumba yenye wanaume 2 waliozeeka pamoja, wenye bustani, jiko na mabishano ya kila siku. Kwa kijana aliyezoea kusikia habari za mapenzi hayo katika taarifa za polisi na mahakama tu, kuona maisha ya kawaida kulikuwa na uzito kuliko hoja za vitabuni.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa mwandishi E. M. Forster, aliyetembelea Millthorpe mwaka 1913. Wakati wa ziara hiyo Merrill alimgusa kwa wepesi kiunoni, na baadaye Forster alieleza kwamba mguso huo ndio uliozaa riwaya yake Maurice. Riwaya hiyo, aliyoiandika mwaka 1913 na 1914, inahusu mapenzi ya mwanamume wa tabaka la kati na mtunza wanyamapori wa shamba la matajiri, nayo inaisha kwa furaha. Forster hakukubali ichapishwe maishani mwake. Kwa miongo mingi aliwasomesha rafiki zake tu, wakiwemo waandishi wadogo kwake kama Christopher Isherwood. Ilitolewa mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Siasa na shughuli nyingine

Kwa Carpenter suala la mapenzi halikutengana na masuala mengine ya haki. Mwaka 1883 alitoa pauni 300 kuanzisha gazeti la wajamaa liitwalo Justice. Alishirikiana na William Morris, na mwaka 1888 alitoa Chants of Labour, kitabu cha nyimbo za wafanyakazi. Alilalamikia moshi wa viwanda vya Sheffield, aliunga mkono haki ya wanawake kupiga kura, na mwaka 1905 aliandika kitabu cha kukosoa magereza na adhabu. Alipinga Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na sheria ya kuwalazimisha vijana kuingia jeshini.

Kitabu chake Civilisation: Its Cause and Cure cha mwaka 1889, kilichofananisha ustaarabu wa kisasa na ugonjwa ambao jamii hupitia, kilisomwa na Mohandas Gandhi. Gandhi alikitumia katika kitabu chake Hind Swaraj cha mwaka 1909 na kukiweka katika orodha ya vitabu alivyowapendekezea wasomaji.

Wakati wa kuanzishwa kwake, chama cha Uingereza cha kuchunguza saikolojia ya jinsia kilimchagua Carpenter kuwa rais wake wa kwanza. Hicho kilikuwa miongoni mwa vyama vya kwanza nchini humo vilivyojadili mapenzi ya jinsia moja katika mikutano.

Uzee na kifo

Mwaka 1914, alipotimiza miaka 70, Carpenter alipokea hati ya pongezi iliyosainiwa na watu wengi mashuhuri. Mwaka 1916 alitoa kitabu cha kumbukumbu za maisha yake, My Days and Dreams, ambamo alimtaja Merrill na maisha yao ya pamoja, ingawa kwa maneno ya tahadhari.

Mwaka 1922 wawili hao walihamia Guildford, mji wa kusini mwa Uingereza. Wageni waliendelea kuja. Mmoja wao alikuwa kijana Mmarekani Gavin Arthur, mjukuu wa rais Chester A. Arthur, ambaye katika uzee wake mwenyewe aliwasimulia vijana wa Marekani habari za ziara hiyo. Mwaka 1924, Carpenter alipotimiza miaka 80, serikali ya kwanza ya Chama cha Labour ilikuwa madarakani, na mawaziri wake walimtumia salamu.

Merrill alifariki Januari 1928. Carpenter, ambaye alikuwa ametarajia kutangulia kwa kuwa ndiye mkubwa, hakupata nguvu tena. Miezi michache baadaye alipatwa na kiharusi, akahitaji kutunzwa hadi mwisho. Alifariki tarehe 28 Juni 1929 akiwa na umri wa miaka 84, akazikwa katika kaburi moja na Merrill huko Guildford.

Ukosoaji

Watu wa wakati wake, hata wajamaa wenzake, walimwona Carpenter kuwa mtu wa ndoto. George Orwell, akiandika katika miaka ya 1930, aliwadhihaki wajamaa wavaao makubazi na wasiokula nyama, aina ya watu ambayo Carpenter alikuwa mfano wake.

Wachunguzi wa baadaye wameeleza udhaifu mwingine. Aliishi kwa sehemu kutokana na urithi uliotokana na mfumo wa kibepari alioukosoa. Usawa wa nyumbani Millthorpe ulikuwa na mipaka, kwani kazi nyingi za nyumba zilimwangukia Merrill, na kabla yake wake wa marafiki waliokaa hapo. Nadharia yake ya watu walio katikati ya jinsia mbili ilitegemea mawazo ya kale kuhusu tabia za kike na za kiume. Tena, katika kitabu chake cha mwaka 1914 juu ya watu wa namna hiyo katika jamii za nje ya Ulaya, alitumia lugha ya wakati wake iliyoziita jamii hizo duni kimaendeleo, ingawa lengo lake lilikuwa kuonyesha kwamba ziliwapa watu hao heshima ambayo Ulaya iliwanyima.

Urithi

Baada ya kifo chake jina la Carpenter lilisahaulika kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo vitabu vyake vilibaki katika maktaba. Harry Hay, aliyeanzisha Mattachine Society nchini Marekani mwaka 1950, mojawapo ya vyama vya kwanza vya kudumu vya kutetea wapenzi wa jinsia moja katika nchi hiyo, alisimulia kwamba alikuwa mtoto alipokuta The Intermediate Sex maktabani.

Sheria iliyomtisha Carpenter na wageni wake iliendelea kutumika muda mrefu. Mwaka 1967 Bunge liliondoa kosa hilo katika England na Wales kwa wanaume 2 waliotimiza miaka 21, faraghani. Katika miaka ya 1970 na 1980 wanaharakati walivichapisha upya baadhi ya vitabu vyake. Mwaka 2008 mwanahistoria Sheila Rowbotham alitoa wasifu mkubwa wa maisha yake. Barua na karatasi zake, zikiwemo nyingi alizoandikiwa na watu wa kawaida, zimehifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka ya mji wa Sheffield.

Baadhi ya maandishi yake

- Towards Democracy (1883–1902), utenzi
- England's Ideal (1887), insha za kijamii
- Chants of Labour (1888), mkusanyo wa nyimbo
- Civilisation: Its Cause and Cure (1889), insha
- From Adam's Peak to Elephanta (1892), habari za safari
- Homogenic Love (1895), kijitabu
- Love's Coming of Age (1896), juu ya mapenzi na ndoa
- Ioläus (1902), mkusanyo wa maandishi juu ya urafiki
- Prisons, Police and Punishment (1905), juu ya magereza
- Days with Walt Whitman (1906), kumbukumbu
- The Intermediate Sex (1908), juu ya mapenzi ya jinsia moja
- My Days and Dreams (1916), kumbukumbu za maisha yake